Sweta Uliyoikata kwa Mkasi

Mama yangu mpendwa,

Leo umenijia mchana kweupe, katikati ya jiji, jasho likinitiririka kama mwizi. Yule mwanao wa kutengeneza tovuti, ambaye uliwaambia majirani wa mtaa wetu wa Kabiria kwamba "anashinda akibembeleza kompyuta," amehama fani akiwa na upara. Wateja siku hizi wanataka programu za simu. Aliyenibakia ni Mama Kioko wa vifaa vya ujenzi, na nikimpoteza huyu, kujitegemea kumeisha. Nitaenda kuomba kuajiriwa na watoto wa juzi.

Dukani kwake, chini ya ardhi, alibonyeza "agiza misumari" kwenye programu niliyomtengenezea. Kigurudumu kikazunguka. Kikazidi kuzunguka.

"Fundi, hii kitu imekufa?"

"Ni network tu, Mama Kioko."

"Network haijawahi fika huku chini. Nakungoja hadi jioni. Ikigoma tena, naita vijana wengine."

Kosa nililiona palepale: programu ya simu nilikuwa nimeijenga kama tovuti, kila hatua ikisubiri mtandao. Nilipanda juu, nikaketi mkahawani, nikafungua kompyuta.

Ndipo nikakuona akilini, mwaka ule mitumba ilipokunyang'anya wateja wa cherehani ukageukia kufuma. Sweta ya kwanza ilikuwa yangu. Uliifuma vizuri, kisha ukaikata shingo kwa mkasi, kama kitambaa. Ikafumuka yote mbele ya macho yetu. Nilingoja machozi, wewe ulicheka hadi ukaketi sakafuni.

"Aki huu mkono bado ni wa fundi nguo! Haya, shika uzi." Ukauzungusha kwenye viganja vyangu, ukaanza upya.

Basi nami nikafumua. Nilifuta sehemu niliyojivunia zaidi, nikaifanya simu ihifadhi oda yenyewe kwanza, mtandao uje utakapopenda. Chai ilipoa bila kuguswa.

Jioni nikashuka. Mama Kioko akabonyeza. Mimi nikatazama dari.

"Imeingia," akasema, bila hata kuinua macho. "Na kitufe cha simiti umeweka wapi?"

"Kesho, Mama Kioko."

"Kesho saa ngapi?"

Sijawahi kufurahia kusumbuliwa namna hiyo. Ile sweta, unajua, ilitoka mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na shule nzima ilinicheka. Niliivaa mpaka ikanibana.

Lala salama huko uliko, mama. Uzi bado nimeushika.

Kitinda mimba wako