Papai la Hawe Sidi

Alhamisi, Mei 1986. Mvua tangu alfajiri. Mahamri yangu yamelala kwenye beseni, hakuna mnunuzi. Mimi ambaye nikikosa mtu wa kuongea naye huongea na kuku, leo hata kuku sina hamu nao.

Nilikuwa nasoma kile kitabu alichoniazima mwalimu wetu wa ngumbaru, masomo yetu sisi watu wazima. Hakina jalada, na kurasa za mwisho kuna mtu alizifungia njugu. Nasoma kwa kidole, ukurasa mmoja siku mbili, lakini nimekipenda. Kuna kijana, mwana wa mfinyanzi. Zimwi limekalia kisima cha mji wao, na mfalme anamtaka yeye akalitoe. Basi kila akiitwa ana sababu. Mara mguu, mara mbuzi anazaa. Mwisho akajificha ndani ya mtungi wa mamake! Nilicheka, nikawasimulia wenzangu wote pale bombani.

Sicheki tena.

Maana ni pale pale bombani nilipoharibu. Mwezi uliopita goti lilinisumbua, nikamtuma Hawe Sidi, bibi kizee jirani yangu, anichimbie mizizi ya dawa. Mti wenyewe uko kando ya ua wa jirani yetu mwingine, Karisa. Nilimwona ameinama pale na jembe, nikaenda bombani nikasema, "Jamani, Hawe yuko kwa Karisa asubuhi yote hii anachimba, sijui anafukia nini!" Wakacheka wote. Kwamba nimemtuma mimi, sikusema. Hadithi ingepoa.

Wiki mbili baadaye mtoto wa Karisa akafa. Homa, siku tatu tu.

Karisa hufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, Marereni. Alikuja kuzika, akayakuta maneno yangu yanamngoja. Nduguze wakasema Hawe ni mchawi, na kesho wanampeleka kwa mganga, upande wa Marafa, akale kiraho. Hupewa mtu kipande cha papai lililosomewa. Mdomo ukivimba, basi amepatikana. Yule mzee aliyepatikana mwaka juzi, nyumba yake ilichomwa. Naye alikuwa ndani.

Na Hawe ana vidonda vya fizi. Hata chai humvimbisha.

Leo asubuhi nilimpelekea mahamri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama sana.

"Mama Kahindi," akasema, "mdomo wako hutangaza hata kuku wa watu akitaga. Kwa hili tu ndio umepata kufuli?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaondoka.

Nikarudi kwenye kitabu nijisahaulishe, ndipo nikafika pale. Walipomkosa yule kijana walimkamata mamake, wampeleke kisimani badala yake. Akaisikia sauti ya mamake ikipita nje, akatoka mtungini. Hakupewa upanga. Hakuacha kutetemeka. Siku zote nilidhani shujaa ni mtu ambaye hofu imemwisha, kumbe huyu anakwenda nayo, meno yanagongana. Amekua pale pale, kati ya mtungi na mlango.

Kama alirudi sijui. Kurasa zimekwenda na njugu.

Mimi nikisema, najua watakalojibu: kumbe mizizi ni yako? Basi papai kula wewe. Hilo ndilo linaloniweka ndani tangu mchana. Na mke wa Karisa, ambaye nilimshika mkono siku ya mazishi nikalia naye, atanitazama kwa jicho gani?

Nimehesabu sababu zangu. Goti. Mvua. Mahamri ya kesho hayajakandwa. Nimemshinda hata yule kijana.

Mvua imepungua. Kutoka hapa namwona Karisa amekaa kibarazani kwake peke yake, nduguze hawajafika bado. Mtu akienda nyumba ya msiba hubeba chochote, na mimi beseni langu liko hapa mlangoni, limejaa.

Naliacha. Safari hii nabeba mdomo tu.