Gitaa Kabla ya Majina

Jumatatu, 7 Februari 1994
Mazoezi na kaka yangu Didas tena. Akipiga gitaa vizuri hujisifu mpaka jioni, leo nimemwacha ajisifu. Kaseti yetu imetoka! Nyimbo za kumsifu Bwana, na wa kwanza ni "Umeniamsha", kipenzi changu. Niliutunga asubuhi niliyopona malaria, nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Faustin wa redio amechukua kaseti, ameahidi kuutumia. Nimerukaruka kama mtoto.

Alhamisi, 10 Februari
Wameupiga. Gitaa la mwanzo tu. Likafifia, mtangazaji akaanza kusoma matangazo ya vifo. Fulani wa Gitarama amefariki, ndugu zake walioko Kigali waje kuzika. Gitaa. Familia nyingine. Gitaa. Didas amecheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 2 Machi
Kila siku wanaupiga. Leo mtaa wa Nyamirambo, mwenye duka aliweka kaseti yangu. Mwanamke aliyekuwa anapita akasimama ghafla, akashusha kikapu. Waliokuwa wanabishana bei wakanyamaza. Gitaa likaisha, sauti yangu ikaingia, na wao bado wanangoja. Hakuna aliyesikia neno hata moja nililoimba. Mwenye duka akazima. Nimerudi nyumbani bila chumvi niliyofuata.

Ijumaa, 4 Machi
Nimemfuata Faustin redioni. Nimemwomba atafute muziki mwingine.
"Dada, watu wameshauzoea. Tukiubadilisha watafikiri kuna majina tunaficha."
Nimemkasirikia. Amesema kweli, na hiyo ndiyo imeniudhi zaidi.

Jumapili, 13 Machi
Mama Aline, jirani yangu, amekuja baada ya ibada. Mumewe ni dereva wa lori, alikwenda Ruhengeri, tangu hapo hakuna habari. Hakutaka kukaa. Aliniuliza, macho chini, kama watu wa redio huwa wananiambia majina mapema, maana mwenye wimbo ni mimi. Mana yanjye, Mungu wangu! Nimemwapia kwamba sijui lolote. Hakuniamini.

Alhamisi, 17 Machi
Watoto wa Mama Aline hawaji tena kuchota maji kwangu. Wakiniona wanaingia ndani.

Jumapili, 20 Machi
Mchungaji anataka "Umeniamsha" siku ya Pasaka. Didas anasema nikatae. Nimekubali. Nitauimba mbele ya kanisa zima mpaka wapige makofi, mpaka urudi kuwa wangu. Ni wimbo wa furaha, jamani. Nisiposhinda siku hiyo, umekwenda.

Jumapili, 3 Aprili
Pasaka. Kanisa limejaa, ngoma, vigelegele. Didas akagusa nyuzi.
Kimya. Hata watoto wachanga. Wanaume wakasimama polepole, kofia mikononi. Wote wakanitazama mdomo. Nikaufungua, na Mungu anisamehe, nilihisi kabisa kwamba kitakachotoka ni jina. Sikujua la nani. Nikaufunga. Didas akarudia mwanzo. Akarudia tena. Kadiri alivyorudia ndivyo walivyozidi kungoja. Mchungaji akasema tuombe.
Didas hajasema nami tangu tutoke. Naogopa. Sijui naogopa nini.

Jumanne, 5 Aprili
Mvua imekatika asubuhi, nimeanika nguo. Mume wa Mama Aline alirudi jana, mzima. Lori tu lilikuwa limeharibika njiani. Nimefurahi kwa dhati, nimekwenda kumpa mkono.
Naanika, kumbe naimba chini chini ule mwanzo, bila maneno. Mama Aline akasogea kwenye ua, mikono ina povu la sabuni. Hakuwa na hasira. Ameuliza taratibu, "Ni nani?"
Nimemwambia hakuna mtu, Mama Aline, naimba tu.
Ameitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Amebaki pale, akingoja. Na mimi, shuka mkononi, nikajikuta nangoja naye.