Bobari ya Marehemu Ansgar

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Barua hii nimeichana mara mbili, ya tatu naituma hivi hivi ilivyo unisaidie. Mume wangu Ansgar alikuwa anakereza mabakuli ya mbao hapa Ushirombo, na mimi ndiye niliyemwambia mabakuli hayajengi nyumba, angalia wenzako wanavyorudi na pikipiki kutoka machimboni, basi akafunika mashine yake ya kukerezea kwa turubai akaenda, na mwaka jana mwezi wa nne duara, lile shimo la dhahabu, likatitia wakiwa ndani, tukamzika, na sasa mashine naiendesha mimi, alinifundisha mwenyewe, ndiyo inayotulisha. Aliacha bobari moja tu, ile patasi ya mfereji ya kuchimbia tumbo la bakuli, nyembamba kama kidole changu cha mwisho, na mapande mawili ya mninga aliyoyakata ili atengeneze bakuli kubwa, familia yote tule ugali pamoja. Nilitaka liwe mezani siku ya misa yake ya mwaka. Pande la kwanza, nilipofika kina cha kiganja, bobari ikaanza kutetemeka, nikakaza mikono, ikang'ata mbao, bakuli likapasuka. Shemeji yangu Nkwabi, fundi seremala, akasema, "Shemeji, hicho ni kijiti cha kuchokonolea meno, kanunue nene." Mama mkwe akasikia. "Mama Agatha, ulimtoa mwanangu kwenye hii mashine akiwa hai, sasa unamtoa hata akiwa kaburini." Na ni kweli. Limebaki pande moja na wiki tatu. Nitumie bobari yake, au ninunue?

Mama Agatha, Ushirombo

Marahaba, Mama Agatha, na pole. Pole ya kweli, maana sasa nitakusema.

Nunua. Bakuli likiwa na kina, ncha ya bobari inakwenda mbali na egemeo, kile chuma unachoiegemezea, na chuma chembamba kikitokeza mbali hivyo lazima kitetemeke, hata angekishika Ansgar. Nawe ulilijua hilo. Ilipotetemeka ulikaza mikono. Mtu anayetaka bakuli huzima mashine. Wewe ulitaka kuumia.

Kumsukuma mumeo machimboni lilikuwa kosa, sitakudanganya. Lakini ulikosea pamoja na kanda nzima. Huku kwetu anayeshika mbao tunamwita mzembe, anayeshuka shimoni tunamwita mwanaume, na dhahabu ikifika hatuulizi duara lilishikiliwa na magogo mangapi. Mama mkwe wako naye, pikipiki ingekuja asingepanda? Usimuulize. Amezika mtoto.

Nenda Kahama. Chukua bobari yenye shina nene kama kidole gumba na mpini mrefu unaofika kiunoni, uubane hapo ubavuni. Ijaribu kwanza kwenye gogo la hovyo, mpaka mkono uizoee. Kisha funga mninga kwenye mashine, mwendo wa chini, na kila unapozama zima mashine, sogeza egemeo lifuate ndani. Ikitetemeka, zima. Nitarudia mpaka uchoke: zima.

Ukimaliza tumbo, weka hiyo nene chini na mwite mama mkwe asimame karibu. Ukingo hautaki nguvu, unataka chuma chembamba. Hapo ndipo ushike bobari ya Ansgar, umalizie nayo, yeye akiona. Na siku ya misa, bakuli likifika mezani, usiguse. Tonge la kwanza amege mama yake.