Sauti Nilizozifuta Koboko

Mama yangu, shikamoo.

Kwanza niambie mguu unaendeleaje, na kama bado unakwenda kisimani mwenyewe baada ya kukatazwa. Mimi ni mzima. Kwenye simu huwa nasema hivyohivyo halafu naaga haraka, usije ukasikia sauti yangu ilivyo. Ndiyo maana leo naandika.

Watu wa hapa Koboko, Uganda, ni wema, lakini wakishanisalimu hurudi kwenye Kikakwa chao, nami nabaki natabasamu tu. Jioni nakula peke yangu.

Nilikueleza kwamba kule Arua tulifundishwa kutumia vishikwambi darasani. Niliporudi, mkuu wa shule aliwaita walimu wenzangu waje kuona. Mama, picha niliyoirusha ukutani kutoka kwenye kishikwambi iliganda, sauti ikaendelea. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, mpaka kila kitu kikazimika. Wanafunzi wakacheka. Walimu wakatoka mmoja mmoja, na mkuu akaniambia kwa upole, “Pole, mwalimu. Tumia chaki tu.” Ule upole ndio ulioniumiza. Nilitaka kufunga mizigo nirudi nyumbani Kondoa.

Asubuhi niliingia darasani nikawaambia wanafunzi, “Jana nilishindwa. Leo naweza kushindwa tena, lakini tujaribu pamoja.” Nikawapa kazi: kila mmoja arekodi salamu kwa Kiswahili, ampelekee mtu aliye mbali. Yupo msichana anaitwa Kiden, alikimbia vita Sudan Kusini pamoja na shangazi yake. Mama yake alibaki huko. Tangu nianze kumfundisha hajawahi kunyoosha mkono. Siku hiyo alijikunja kwenye kona akanong'ona na kishikwambi mpaka kengele ikalia.

Nami nilipokuwa nikizihifadhi zile sauti, nikakosea kubonyeza. Zikafutika zote.

Kesho yake nikawaambia ukweli, kisha nikamfuata Kiden kwenye dawati lake.

“Nisamehe. Salamu yako nimeifuta.”

“Haina neno, mwalimu. Mimi nasema tena.”

Safari hii hakunong'ona. Alisimama mbele ya wenzake: “Mama, mimi iko hapa Koboko. Mimi nasoma. Mimi iko nafikiria wewe.” Kisha akanisogezea kishikwambi.

“Mama yako iko mbali, mwalimu?”

“Mbali sana.”

“Basi na wewe sema.”

Nikasema, “Mama, shikamoo,” na hapo nikakwama. Hakuna aliyecheka. Wakaningoja.

Vishikwambi bado vinanishinda, Mama, na upweke haujaondoka. Ila sasa nikikwama nawaambia nimekwama, tunaanza upya.

Nisalimie kaka Hamisi na baiskeli zake za kutengeneza, na mama Zuhura jirani yetu anayekuchotea maji. Mdogo wangu Salma, anayesomea ualimu, msomee barua hii yote, hata pale waliponicheka.

Mwanao anayekukumbuka,
Rehema