Tsari Aliyekufa na Jina Mdomoni

Neema mjukuu wangu,

Pokea salamu zetu kutoka Granville. Sisi ni wazima. Mjomba wako Daudi sasa anaendesha lori bandarini Port Botany, na mdogo wake amefunga uchumba.

Umeniuliza kutoka chuoni Perth kwa nini yule tsari, mfalme wa Urusi, aliyejitungia sheria ya kuteua mrithi yeyote amtakaye, alikufa bila kumteua mtu. Mimi Urusi sijaisoma, lakini mtu wa namna hiyo namjua. Baba yangu alikuwa hivyo.

Katika ukoo wetu, siku ya kuanua matanga mrithi hukalishwa kwenye kiti cha marehemu, na tangu hapo yeye ndiye huwakusanya ndugu. Baba alikataa kumtaja wake. Alisema ni kujichuria kifo. Basi siku ya kuanua matanga yake kaka zangu wawili walikishika kiti, kila mmoja akivuta upande wake, wazee wakitazama chini. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliwanyang'anya, nikakipeleka jikoni, nikakikalia nikichambua maharage hadi jioni. Hakuna aliyethubutu kuniinua. Lakini kaka zangu hawakusalimiana tena. Hata vita vilipotufukuza nchini kwetu, kila mmoja alikimbia kivyake.

Mimi sitakufa na jina mdomoni. Jumapili baada ya kanisa niliwaambia wajomba zako kwamba kiti changu utakikalia wewe. Daudi alinuna, akasema wewe ni msichana na uko mbali.

Nikamwambia anune sasa, nikiwa bado hai na naweza kumjibu.

Bibi yako