Nimepewa Barua ya Kunifukuza Kazi Niisahihishe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa saa nne asubuhi bosi wangu atasaini barua ya kuniachisha kazi, na hiyo barua ninayo mimi mwenyewe hapa mkononi, nimeagizwa niipitie niondoe makosa, na kwa ujinga wangu nimeshayaondoa.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, mwaka wa kumi na tisa huu. Kwa cheo naitwa mpiga chapa, lakini kazi yangu hasa ni kusahihisha, na hilo sikujifunza ofisini, nimezaliwa nalo, hata mume wangu alipokuwa ananichumbia aliniandikia barua ya mapenzi nikamrudishia kurasa zote mbili zikiwa na wino mwekundu, akaenda akaiandika upya, akaileta safi, ndipo nikamkubali. Mama mkwe mpaka leo hanitumii ujumbe wa simu, anapiga, anasema hataki kupewa maksi.

Basi mwaka jana bosi akatuletea akili bandia. Alirudi kutoka semina ya mawakili amekumbatia laptop mpya, akaikusanya ofisi nzima, yaani mimi na dada wa mapokezi, akasema kuanzia leo huyu ndiye ataandika hati zote, anajua sheria zote, hali, halali, haombi ruhusa ya kwenda kliniki, jina lake ni Msomi na asisikie mtu anamwita mashine. Na kwa kuwa Msomi hawezi kuwekwa juu ya meza inayotikisika akapewa meza yangu, na kwa kuwa meza yangu ilikuwa na kiti chake akapewa na kiti, na joho la zamani la bosi likatundikwa kwenye mgongo wa kile kiti ili wateja wakiingia waelewe, mimi nikahamia kwenye stuli ya plastiki iliyo kati ya kabati la majalada na mlango wa choo. Hapo ndipo ninapofanyia kazi, na kila anayekwenda chooni ananiomba radhi.

Mshauri, Msomi anaandika haraka, hilo simnyimi. Unamwambia andika hati ya madai, kabla hujameza mate kurasa kumi na mbili ziko tayari, lugha inateleza, vifungu vimepangika, ukisoma upesi unaweza hata kulengwa na machozi. Ukisoma polepole ndipo unaona mambo. Kwanza hajui tofauti ya mdai na mdaiwa, yaani aliyeshtaki na aliyeshtakiwa, ile 'wa' ya mwishoni kwake ni pambo, anaiweka akijisikia. Pili, anatunga kesi. Tuna mteja mmoja fundi cherehani, mzee mpole kabisa, jirani yake wa ghorofani kajenga ngazi ya zege mbele ya mlango wa duka lake ikauziba wote, sasa yeye na wateja wake wanaingilia dirishani, na kuna bibi harusi alinasa pale siku ya kupima gauni ikabidi avutwe kwa ndani. Mzee hataki fidia wala kuombwa msamaha, anataka mlango wake. Msomi akaandika kwamba mdai alijenga ngazi mbele ya duka la mdai bila idhini ya mdai, hivyo mahakama imwamuru mdai ambomolee mdai, na akatilia nguvu kwa kesi aliyoiita maarufu, ya Wapangaji wa Ghorofa ya Tatu dhidi ya Ngazi, ambamo majaji watatu walisema ngazi ikishakaa mahali miaka saba ina haki ya kusikilizwa. Nilikwenda maktaba ya mahakama, mimi na mkutubi tukashusha vitabu vyote mpaka tukapiga chafya, hiyo kesi haipo, hakuna ngazi iliyowahi kushtakiwa popote.

Nikaenda kumwambia bosi. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, huo ni wivu. Hata mimi nilipoanza kazi wakubwa walinionea wivu." Iliniuma. Tangu siku hiyo nafika ofisini saa nzima kabla ya wenzangu, nafungua hati za Msomi, naondoa kesi za kutunga naweka za kweli, narudisha kila 'wa' mahali pake, nafunga, bosi akija anazikuta safi, anasaini huku anaongea na simu bila hata kutazama, halafu anampigapiga Msomi kwenye kifuniko anamwambia, "Msomi mwenzangu, umetisha."

Niliugua jino siku mbili tu mwezi wa tatu, na katika siku hizo mbili Msomi akatoa hati ya kiapo ambamo fundi cherehani anaapa kwamba yeye ni ngazi ya zege mwenye umri wa miaka saba na anaomba asibomolewe. Iliokolewa na mzee mwenyewe, aliisoma pale mapokezi kwa miwani yake ya kutungia sindano, akamuuliza dada, "Mwanangu, hapa nasaini kama nani?" Ungedhani bosi atashtuka. Akasema Msomi amechoka, akampa likizo ya siku tatu, akamwelekezea feni, akatuagiza tufunge milango taratibu. Mimi miaka kumi na tisa sijawahi kupulizwa na feni ile. Niliporudi na shavu limevimba nikaendelea na usahihishaji wangu, hati zikawa safi tena, bosi akasema mnaona, mapumziko yamemsaidia.

Sasa sifa zimeenea. Mawakili wanakuja kupiga picha na Msomi, mimi naombwa nisogee kidogo na stuli yangu kwa sababu inaharibu picha, wamekwenda kununua wa kwao, wanarudi wanalalamika kwamba wa kwao ni waongo, na bosi anawajibu, "Wenu hawakulelewa vizuri."

Jumatatu akaniita. Alikuwa na huzuni ya kweli, mshauri, si mtu mbaya yule. "Mama, umekuwa mwaminifu," akasema, "ila unaona mwenyewe, Msomi hakosei. Sioni tena cha wewe kusahihisha." Halafu akanipa barua aliyomwandikisha Msomi. "Ipitie uniletee Ijumaa nisaini. Ipitie vizuri lakini, ni barua nyeti."

Nikaja nayo nyumbani. Ni barua ya heshima, inashukuru, inanitakia heri, lakini kila palipotakiwa kuandikwa mwajiriwa kaandika mwajiri, mahali saba, kwamba mwajiri anaarifiwa huduma yake haihitajiki tena katika ofisi hii, na mwajiri atakabidhi funguo, muhuri na kiti kabla ya saa sita mchana. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe, nikaongeza 'wa' mahali saba kwa kalamu, nikachapa upya, nikaweka na mkato mahali ulipopungua. Mume wangu, ambaye ni fundi redio na si mtu wa maneno, alizisoma zote mbili, ya kwanza na niliyoisafisha, akasema, "Mke wangu, si ungeiacha tu?" Nikamwambia makosa hayaachwi. Akarudi kwenye redio yake.

Sasa nifanye nini? Nikisema ukweli nitaambiwa wivu, nikinyamaza nimekwisha, na nikiacha kusahihisha ili bosi aaibike, Alhamisi ndiyo hoja za fundi zinapelekwa mahakamani na yule mzee ataingilia dirishani mpaka anakufa. Naipenda kazi yangu. Sijui kazi nyingine.

Ni mimi, Karani wa Stuli.

Nyongeza: kwenye safu yako ya wiki iliyopita ulimshauri yule dada amwache mkewe. Nadhani ulimaanisha mumewe. Nimekukatia kipande na kukizungushia duara.

JIBU

Karani wa Stuli, kipande chako kimefika na duara lake. Ndiyo, nilimaanisha mumewe. Simu zilizopigwa hapa zimenitosha, hukuhitaji kuniongezea.

Sasa nikuambie. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye feni, hapo nikakasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako wewe. Umeandika kwamba Msomi amechukua kiti chako. Hapana, mama. Msomi angeachwa peke yake asingemaliza wiki moja, ushahidi ni jino lako. Anayesifiwa pale ofisini, anayepigwa picha, aliyeonekana hakosei mpaka wewe ukawa huna kazi, ni wewe. Umeamka asubuhi mwaka mzima ukamjenga mtu wa kukufukuza, ukamvalisha joho, ukakaa pembeni ukiumia. Katika safu hii nimeshaona wanawake wakiwafulia nguo wake wenza, lakini wewe umezidi.

Siku ulipoambiwa ni wivu ulikuwa na haki ya kuumia. Ulikosea ulipoamua kumjibu kwa siri. Kila 'wa' uliyoirudisha kimyakimya ilikuwa uongo mdogo kwa bosi wako, ukimwambia kwamba hati zilitoka hivyo. Atajuaje kama humwonyeshi? Na usifikiri umemlinda. Siku utakayougua jino la pili, mtu yule atasimama mbele ya jaji na kesi ya kuisikiliza ngazi, na jaji hatamwita Msomi ajieleze. Msomi hana leseni ya kunyang'anywa wala uso wa kuonea aibu.

Sikwambii laptop itupwe. Kinachoandika haraka kina faida yake, nami ningefurahi kingeniandikia bahasha. Lakini ofisi ya sheria inayo kitu kimoja cha kuuza, nacho ni kwamba kuna mtu amesoma. Pale kwenu mtu huyo amewekwa karibu na choo.

Alhamisi utafanya hivi. Hoja za fundi usianze kwa kuzisahihisha kwenye kompyuta. Zichape kama Msomi alivyozitema, chukua kalamu yako nyekundu, kila kosa lizungushie duara kama ulivyonizungushia mimi, kila kesi ya kutunga andika pembeni "haipo, tumetafuta mimi na mkutubi", weka sahihi yako na tarehe. Ukimaliza, chapa nakala safi uiweke chini yake. Zote mbili mwekee bosi mezani, juu ya simu yake, asiweze kuishika simu bila kuzigusa. Nakala safi ndiyo isainiwe na kwenda mahakamani, kwa sababu yule mzee hajamkosea mtu na usithubutu kumtumia kumtia adabu bosi wako. Ukiambiwa wivu, mwambie akuletee hukumu ya ile ngazi uisome na wewe. Usiongeze neno.

Anaweza akaelewa siku hiyo hiyo. Wengine macho yao hayafunguki mpaka jambo liwaguse wao, kwa hiyo tuseme hakuelewa, tufike Ijumaa.

Barua uliyoisafisha ichane. Ndiyo, na mkato wake. Najua itakuuma, mwite mumeo akushikie mkono, maana ndiye mwenye akili katika nyumba hiyo na umemjibu vibaya. Kisha chukua ile ya kwanza, ya Msomi, yenye makosa yote saba, uichape kwenye karatasi nzuri. Saa nne kamili mpelekee bosi. Atakuwa anaongea na simu. Atasaini bila kutazama, kwa sababu wewe ndiye uliyemzoesha. Igonge muhuri, iandikie namba ya jalada, ubaki na nakala moja. Msubiri amalize simu, halafu simama mbele yake umsomee kwa sauti, polepole, kama unavyosoma wewe, kwamba mwajiri huduma yake haihitajiki tena, na mwajiri atakabidhi funguo, muhuri na kiti kabla ya saa sita mchana. Ukifika kwenye sahihi, isome na sahihi.

Atakasirika kidogo, mwache akasirike. Umesema si mtu mbaya, nami nakuamini, mtu mbaya asingeona huzuni. Akitulia umwambie masharti yako, yawe kwa maandishi: meza yako, kiti chako, cheo kinachosema wazi kwamba wewe ni msomaji wa hati zote kabla hazijatoka, na Msomi ahamie kwenye kabati la majalada. Feni mtaelewana.

Akikuuliza barua ina kosa gani, usimhutubie. Mwambie imepungukiwa herufi mbili, na kwamba hizo mbili ndizo alizokuajiria miaka yote kumi na tisa. Mvutie stuli akae. Halafu simama hapo na kalamu yako, na hiyo 'wa' usiiandike mpaka akuombe.