Kanga Uliowapiga, Sifa Alizokula Mumeo

Shoga yangu Mwanahawa,

Nakuletea salamu za walio hai, ingawa wengi wao, wallahi, hawastahili hata wino wangu. Naandika kwa herufi za Kiarabu, za chuoni, zile tulizojifunza pamoja huku ukinifinya mgongoni kila mwalimu akigeuka. Mwandiko wangu bado mbaya. Usicheke.

Nianze na mumeo, maana najua ndiye utakayemuulizia kwanza. Hajambo. Anakula, analala, ananenepa. Siku tuliyokuzika alikaa jamvini na kilemba chake, akipokea pole kama liwali anayepokea wageni, na kila aliyefika alimwambia, "Pole, Bwana Athumani, mwindaji wetu." Mwindaji! Mie nilikuwa ndani na wanawake, kila neno nalisikia, nikauma upindo wa nguo yangu nisije nikaangua kicheko matangani. Kisha nikalia. Kisha nikataka kucheka tena. Hivyo ndivyo ulivyoniacha.

Jambo hili hatukupata kulitoa nje ya sie watatu na binti yako, basi leo naliandika lote, angalau liwe limesemwa mahali.

Gobore lile la midomo miwili lilikuwa la baba yako. Alikufundisha wewe kwa sababu kaka yako Shomari alikuwa akifumba macho tangu linaposhindiliwa, kabla hata halijalia. Ulipoolewa ulikuja nalo Temeke. Serikali ikataka kila gobore liwe na kibali, na karani wa ofisi ya Bwana Shauri akakwambia kibali hakiandikwi jina la mwanamke. Likaandikwa jina la Athumani. Hiyo karatasi ikampa ushujaa ambao Mungu alimnyima.

Na wewe ukanyamaza. Desturi ikawa ile tuliyoijua: alfajiri tunashuka bondeni kwenye mpunga, wewe na jembe, mie na kikapu, Athumani na bunduki begani mpaka tuvuke nyumba za watu. Tukifika kwenye matete anakupa. Hapo ndipo nilipopenda kukutazama. Unasimamisha gobore, tako lake chini kati ya nyayo zako, unamimina baruti, unaweka makumbi ya nazi, unashindilia kwa mdeki, ule ufito wake mrefu, polepole kama anayetwanga dawa ya mtoto. Ndipo marisau, zile punje za risasi, na makumbi tena juu yake. Mdomo wa kulia, kisha wa kushoto. "Baruti kwanza, Tatu," ulinifundisha. "Ndiyo bismillahi yake. Ukianza na marisau umeanza na amina." Fataki za kuwashia baruti ulizitia mwisho kabisa, kwa ncha za vidole, ukiwa umeshika pumzi.

Kanga wakitoka kunywa maji, mdomo wa kwanza ulikuwa wa walio chini, na wa pili wa wanaoruka. Sijamwona mtu mwingine akipiga kanga hewani kupitia moshi wake mwenyewe. Nilikuuliza unaonaje. Ukasema, "Sioni. Nawasikia mbawa."

Na mwindaji wetu? Kazi yake ilikuwa kisu. Kwetu watu hawali kilichochinjwa na mwanamke, basi ilibidi awepo mwanamume wa kumwahi ndege kabla hajakata roho. Ukilenga, Athumani yuko nyuma yetu ameinama, kiganja sikioni, kisu mkono wa pili. Mlio ukitoka anaruka kama panzi, anapotelea kwenye moshi, unasikia tu "Bismillahi Allahu akbar" na mbawa zikipigapiga. Tukirudi, yeye mbele, bunduki begani, kanga wananing'inia kiunoni; sie nyuma na kuni. Watoto wanamwimbia. Wazee wa barazani wanampa nafasi ya kukaa. Naye jinsi anavyosimulia! Namna alivyotambaa, namna alivyojizuia kukohoa, namna upepo ulivyotaka kumsaliti. Upepo gani? Wewe ndiye uliyekuwa na kikohozi.

Nilikwambia umkomeshe. Ukasema, "Mwache ajisifu. Kanga hajui nani kampiga." Hapo, shoga, nakulaumu, na kufa kwako hakujanizuia kukulaumu. Kanga hajui, sawa. Lakini binti yako Zuhura alikuwa akijua. Alikuwa anashika mdeki tangu hajaota matiti, na kila jioni anamsikia baba yake akikumeza mzima mzima mbele ya watu.

Ile homa ya kifua ilipokuchukua nilidhani aibu itamrudisha Athumani kwenye ukubwa wake halisi. Thubutu! Watu wakamuuliza mbona hatuoni tena kanga. Kwanza akasema yuko kwenye msiba. Kisha baruti ya Mhindi siku hizi imechanganywa na mkaa. Kisha kanga wamehamia Kisarawe. Ndege wamehamia, lakini mdomo haukuhama.

Msiba wenyewe haukumchosha sana. Akaanza kuposa Buguruni, kwa Mzee Mbaruku, yule mstahiki aliyekuwa askari enzi ya Mjerumani. Mumeo ameahidi makubwa huko. Siku ya kupeleka posa akaenda na kanga wanne, akasema amewaangusha alfajiri hiyo hiyo. Nami nilialikwa jikoni, maana wanawake wa Buguruni ni ndugu zetu. Tukawanyonyoa. Nikapapasa kifua cha kwanza, nikapapasa mapaja, nikapapasa mgongo. Hakuna tundu hata moja la marisau. Shingoni wana alama ya kitanzi, wote wanne. Kawanunua kwa wategaji wa Mbagala! Mama wa bibi harusi akanitazama, nami nikamtazama, akasema tu, "Mkwe wangu ana shabaha ya ajabu. Anapiga ndege bila kuwatoboa."

Hilo ningelisamehe, maana lilinichekesha. Lakini baadaye akatangaza kwamba gobore atampa Mzee Mbaruku, zawadi ya mkwe. Gobore la baba yako.

Zuhura alikuja kwangu mbio. Unamjua, hakimbii ovyo. Akasema, "Shikamoo mama mdogo. Sitaki shamba, sitaki kitanda cha mama, sitaki hata herini. Nataka bunduki ya babu." Nikamwambia twende tukamdai mbele za watu. Mumewe Kondo, yule mpasuaji mbao wa Keko, akasema naye atakuja, ila hatasema kitu, kwa sababu akisema atapiga mtu.

Tukakutana uani kwa Shomari, ambapo uwanja unaishia kwenye mpunga uliokwisha kuvunwa. Athumani alikuja na gobore limepakwa mafuta, na Mzee Mbaruku ubavuni, ili likabidhiwe hapo hapo. Kaka yako Shomari, usinikasirikie, alikuwa wa bure kama kawaida yake. Alifungua kikao kwa dua ndefu, akakifunga kwa kukohoa.

Zuhura akasema neno lake. Athumani akacheka, akawageukia wanaume. "Bunduki ni ya mwenye kibali. Mwanamke na bunduki wapi na wapi? Huyu atapigia nini, nzi?"

Wakacheka wote. Wote, Mwanahawa, wanaume waliokula kanga wako miaka na miaka, wakijipangusa mafuta midomoni. Niliwatazama mmoja mmoja, nikaona sina hata hasira. Mtu huwezi kukasirikia masufuria.

Nikasimama. Nikasema, "Shemeji, Mzee Mbaruku anapewa kitu asichokijua. Kishindilie mbele yake aone kinavyokwenda. Njiwa wale pale wanaokota punje."

Mzee Mbaruku akafurahi kweli. "Ndiyo, mkwe, tuonyeshe. Mie bunduki za kushindiliwa mdomoni sikuzitumia jeshini, lakini nimesikia wewe ni bingwa."

Athumani akasema jua kali. Mzee akasema yeye amezoea jua. Akasema njiwa ni ndege wa baraka. Mzee akasema ataila hiyo baraka na ugali. Basi hakuwa na pa kutokea.

Shoga, laiti ungekuwepo. Aliishika mitutu kama anayeshika shingo ya bata anayeng'ata. Akatafuta kwenye mkoba, akakitoa kipembe cha baruti, akakitazama, akakirudisha. Akatoa marisau. Akayamimina. Marisau kwanza! Nikasikia Zuhura anavuta pumzi. Juu yake baruti, makumbi, kisha akashindilia kwa nguvu zote kama anayekita nguzo ya nyumba, jasho linamtiririka. Miaka yote ile alikuwa ameziba sikio na kufumba macho. Hakuwahi hata kutazama. Hilo ndilo lililonikata maini. Ulikuwa mbele yake kila alfajiri na hakuwahi kukutazama.

Akatia fataki, akalenga, akageuza uso pembeni, akafyatua. Pwa. Kama mtu aliyejikwaa na yai. Njiwa hata hawakuinua vichwa.

"Baruti ya Mhindi," akasema.

Zuhura akaenda, akaichukua mikononi mwake bila kuomba. Kwenye ncha ya mdeki kuna ile parafujo ya kuzibulia. Akaizungusha, akatoa makumbi, akamwaga baruti, kisha akainamisha mtutu na marisau yakamwagika kwenye kiganja chake mbele ya Mzee Mbaruku, mtutututu, yakiwa ya mwisho kutoka kwa sababu yalikuwa ya kwanza kuingia. Mzee alikuwa askari. Alielewa kabla ya wengine. Akainua nyusi.

Zuhura akaipangusa, akashindilia upya, midomo yote miwili, kwa mwendo wako ule ule wa kutwanga dawa. Mie nilikuwa natafuna ulimi. Akasogea mpaka ukingo wa mpunga. Akafyatua wa kulia, akakosa! Kundi zima likapaa, moshi ukamfunika. Ndani ya moshi ukalia wa kushoto. Njiwa mmoja akakunjika hewani, akaanguka mbali kwenye mabua.

Na hapo, Mwanahawa, kabla mwangwi haujaisha, kabla yeyote hajasema neno, Athumani alikwisha kuruka. Kanzu kaikusanya mkono mmoja, kisu kakichomoa sijui wapi, anakimbia kwenye mabua kama panzi, anapiga kelele "Bismillahi Allahu akbar!" Akachinja. Akainuka na ndege mkononi, akawageukia watu akitabasamu, tabasamu lile lile la kurudi nyumbani. Kisha tabasamu likamfia usoni. Akatutazama. Tukamtazama.

Mzee Mbaruku akasema polepole, "Kumbe wewe ndiye mchinjaji."

Hakuna matusi ningeyatunga mimi yaliyofikia neno lile. Na mchinjaji si kazi ya aibu! Angesema mwenyewe tangu zamani, "Mke wangu anapiga, mie nachinja," angeheshimiwa mpaka leo. Alichagua kuwa mkubwa kwa kimo cha mwenzake, basi mwenzake alipolazwa chini naye akabaki na urefu wake.

Posa haikuvunjika, usidhani. Buguruni wamesema mume mwenye kisu anatosha, ila wageni wa harusi walilishwa mbuzi. Gobore Mzee Mbaruku alilikataa, sasa liko kwa Zuhura. Tulikwenda ofisini kubadili kibali, karani mwingine, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akasema maneno yale yale aliyokwambia yule wa kwanza: jina la mwanamke haliandikwi. Likaandikwa la Kondo. Nilimtazama yule karani kama unavyotazama kitu kilichokwama kwenye kiatu. Lakini tulipotoka Kondo akasimama barabarani, mbele ya foleni nzima, akasema kwa sauti yake ya msumeno, "Nisikieni. Karatasi yangu. Bunduki ya mke wangu. Atakayenisifu kwa ndege namvunja meno." Watu wakadhani amelewa. Mie nikajifunika uso na mtandio.

Sasa wanaume wa barazani wanajidai walijua siku zote. Mmoja ananiambia, "Sie tulikuwa tunamwona tu." Nimeacha kuwajibu. Nawadharau kuanzia asubuhi mpaka magharibi, kisha narudi ndani, na ndani hakuna mtu wa kumsimulia. Ndilo lililonikalisha kuandika. Dharau haina utamu ukiila peke yako, shoga. Tuliila pamoja, kwenye sahani moja, tukijikunja kwa kicheko nyuma ya matete hadi unaniambia ninyamaze, nitawafukuza ndege. Leo ni uchungu mtupu. Nimekukasirikia, ukitaka kujua. Kufa gani kule, kwa haraka vile, bila kungoja hata uone uso wa Athumani.

Basi. Wino unaisha, na mwandiko wangu sasa umekuwa wa kuku.

Pumzika, Mwanahawa binti Mwinyimkuu. Mungu akupanulie ulipo. Nakuahidi hivi: mtoto wa Zuhura yuko njiani, na siku atakapoanza kuuliza bibi yake alikuwa nani, sitamwambia mpishi mzuri, sitamwambia mke mwema, sitamwambia alikuwa mtulivu. Nitamshika mkono nimpeleke bondeni, nimsimamishe pale pale ulipokuwa ukisimama, na kabla hajaniuliza la pili, nitamwambia asikilize mbawa.

Mie wako,
Tatu